Tembo na Mashahidi Wake

Wapo watu Ulaya ambao, wapatapo siku moja ya mapumziko, huiacha miji mikubwa na fahari zake wakapanda treni kwenda mji mdogo uliozungukwa na mizabibu, si kwa kuwa divai imeadimika huko watokako, maana dukani kwao imejaa tele, bali kwa kuwa wana hamu ya kuiona ardhi iliyoizaa, kuingia pango ilimolazwa, na kusikia kinywani mwa aliyeitengeneza habari za mwaka wa mvua na mwaka wa jua kali. Mmoja wa miji hiyo ni Saint-Émilion, kusini magharibi mwa Ufaransa, si mbali na Bordeaux, ambako kanisa zima limechongwa ndani ya mwamba wa chokaa, na ambako wenyeji hutaja hadi leo hati ya mwaka 1199 ya Mfalme John wa Uingereza iliyowathibitishia haki zao za kuuendesha mji. Mwaka 1999 UNESCO iliiandika nchi hiyo ya mizabibu katika orodha ya urithi wa dunia. Divai yake njema huwekwa gizani miaka kumi, ishirini, pengine zaidi, na chupa hubandikwa mwaka wa mavuno, hata mtu asiyekuwa amezaliwa mwaka huo akaweza kusoma na kujua.

Mimi ni mtu wa Matuga, Mdigo kwa kabila na Mwislamu kwa dini, na divai si kinywaji changu wala tembo la mnazi si kinywaji changu. Lakini mtu aweza kukataa kikombe bila ya kumdharau aliyekijaza, na hamu ya kuijua nchi haishurutishi kulewa ndani yake. Sisi wa pwani tunakaa katika nchi ya mti utoao kinywaji, nasi hatuifanyii safari. Wageni watokao katika nchi za mizabibu hufika Diani wakaletewa mezani divai ya kwao, chini ya kivuli cha mnazi, na mara nyingi hakuna awaambiaye kwamba mti huo unaowafunika una mafundi wake, ada zake, mahakama zake na mashahidi wake. Nikaona insafu ni kuanza na nafsi yangu: nitoke Matuga alfajiri, niende Kaloleni, ambako jina la mgema lina heshima yake, nirudi kwetu kabla ya usiku.

Lakini kwanza yafaa kuusema mnazi wenyewe, maana atakaye kumwelewa mgema sharti amwelewe kwanza mkwezi, apandaye kuangua nazi. Upunga huwa kidaka, kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, na koroma huwa nazi. Na baada ya nazi zipo mbata, mafuta, makumbi, usumba, kifuu na makuti, hata ikawa hakuna sehemu ya mti huu isiyokuwa na kazi katika nyumba ya Mdigo, tangu paa lake hadi wali wake. Mgema yeye huikata silsila hiyo mwanzoni kabisa. Kabla karara haijapasuka na upunga haujatoka nje kuona jua, huifunga, akaikata ncha yake, na utomvu ule ambao ungekuwa nazi ukadondoka kibuyuni. Kwa hiyo karara moja haiwezi kutoa vyote viwili: itakayogemwa haizai, na itakayoachwa izae haigemwi. Kila mwenye minazi pwani amepata kusimama mbele ya mti wake akichagua, na katika nyumba zetu za Kwale uchaguzi huo umekuwa wa dini na wa mfuko kwa pamoja. Maana wapo waliokataa katakata mti wao usiguswe na kotama, kisu cha mgema, na wapo waliouachia kwa kodi mgema wa Kiduruma au wa Kigiriama, wakapokea fedha na wasiulize sana habari za kibuyu.

Jambo jingine la kushangaza wageni ni kwamba pwani mti si lazima uwe wa mwenye ardhi. Shamba laweza kuwa la mtu mmoja, minazi mitano iliyomo ikawa ya mwingine aliyeirithi kwa babu yake, na mmoja katika hiyo mitano ukawa umewekwa rehani kwa mtu wa tatu. Mizabibu ya Ufaransa hupimwa kwa eneo na mpaka. Minazi yetu huhesabiwa shina kwa shina, na kila shina lina nasaba yake ya wenyewe. Nasaba hiyo imehifadhiwa wapi? Ndilo swali nililosafiri nalo, ingawa nilipotoka nyumbani sikuwa bado nimeliweka katika maneno.

Zamani mtu wa Matuga aliyetaka kwenda Rabai na Kaloleni hakuwa na budi kushuka Likoni, angoje feri, avuke, aingie katika msongamano wa Mombasa, ndipo atoke upande wa pili akiwa amekwisha choka. Leo, toka Kombani, gari hukata kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, ikapita juu ya maji kwa daraja la Mteza na kisha la Mwache, mikoko ikiwa chini huku na huku, na muda si muda abiria hujikuta karibu na Miritini pasipo kuiona feri kwa macho. Mazeras tuliiacha barabara kuu ya Nairobi iliyojaa malori, tukashika njia ya Rabai, na hapo nchi ikabadilika: vilima vilianza kupandana, upepo ukawa mwepesi, na minazi, ambayo kwetu hupenda kukaa karibu na bahari, ikawa imeyavaa mabonde na miteremko mbali kabisa na harufu ya chumvi.

Rabai yenyewe ni mji wa kusimamisha msafiri. Hapa walikaa Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann tangu mwaka 1846, wamisionari wa Kijerumani waliotumwa na Waingereza. Hapa ndipo Rebmann alipoondokea kwenda bara akauona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka uliofuata. Na hapa Krapf alikusanya maneno ya kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Kumbukumbu zao zimewekewa makumbusho. Lakini kumbukumbu ya wenyeji haimo katika nyumba ya mawe; imo msituni, katika kaya, ambako wahenga wa Wamijikenda walijenga maboma yao na ambako hapakatwi ufito bila ya idhini ya wazee. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ile ile ya urithi wa dunia, za Rabai zikiwamo, na Kaya Kinondo ya kwetu, karibu na Diani, ikiwamo vilevile. Na mwaka 2009 mila na ada za kaya hizo zikaandikwa miongoni mwa zihitajizo hifadhi ya haraka. Dunia basi imekwisha kiri kwamba msitu wetu ni kitabu. Ushahidi wa mnazi bado haujapata wa kuukiri.

Kaloleni ni mji wa mgongoni, juu ya kilima, wenye soko, stendi ya matatu, hospitali ya misheni ya miaka mingi, maduka ya vifaa vya ujenzi na watu wengi wenye shughuli, wala msafiri asitazamie kuona lango la kale au barabara ya mawe. Uzuri wake umo pembeni, katika vijia viendavyo mashambani, ambako asubuhi na mapema madumu ya manjano hushuka kwa bodaboda kwenda kutafuta wanunuzi. Nilipelekwa na mwenyeji wangu kwa mgema mmoja ambaye umri wake ulikuwa umepita ule ambao watu wengi hupanda ngazi, seuze mnazi. Kotama yake ilikuwa kiunoni, kibuyu begani. Alishika vidato vilivyochongwa shinani, akapanda pasipo haraka na pasipo kusita, na alipofika shingoni mwa mti alikiteremsha kibuyu cha usiku, akaikata karara kipande chembamba sana, kiasi cha kuufungua mdomo wa jeraha tu, akatundika kibuyu kingine, akashuka. Kazi hii huifanya alfajiri na jioni, na pengine adhuhuri pia, kila siku, iwe sikukuu au msiba. Maana akiacha, jeraha hukauka na mti hufunga. Ndiyo sababu mgema si mtu wa safari. Mwenye mizabibu akishavuna aweza kufunga mlango wa ghala akaenda zake mwezi mzima, na divai ikazidi thamani akiwa hayupo. Mgema akilala nje siku mbili amepoteza mtaji.

Na kinywaji chenyewe kina umri mfupi kuliko wa maziwa. Kikitoka mtini asubuhi ni kitamu, mtoto hupewa. Jua likipanda, hamira isiyopandwa na mtu huanza kazi yake na povu likainuka. Jioni kimekuwa kikali, na kikiachwa siku zaidi kinageuka siki. Mapishi ya zamani ya pwani yaliijua sana hali hiyo, yakauumua unga kwa tembo kabla ya hamira ya paketi kufika madukani, na nyumba nyingi za watu wasioonja kileo zikala mkate laini kwa fadhila ya mgema. Tembo halina ghala wala lebo, halina mwaka wala mnada. Tajiri wa mbali hawezi kulinunua leo aliuze baada ya miaka ishirini. Halina budi kunywewa na walio karibu, siku ile ile, na hapo ndipo ilipo siri yake.

Tuliketi katika mangwe, yaani kilabu cha tembo, iliyoezekwa kwa makuti, kwenye magogo, pamoja na wazee wanne au watano. Mboko, kibuyu cha kunywea, ilipita kutoka mkono hadi mkono na mrija ndani yake. Aliyetoa alionja kwanza ili wengine watulie nyoyo. Na kabla ya yote tone lilimwagwa chini kwa ajili ya koma, yaani wale waliotangulia, ambao kwa itikadi ya wazee hao hawakuondoka mezani bali wamebadili kiti tu. Nilimsalimu mkubwa wao, “Shikamoo, babu.” Akaitika, “Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?” Nikamwambia Matuga. Akacheka, “Basi huyu Mdigo. Mleteeni dafu, msimtilie mtu dhambi.” Dafu likaja, nami nikanywa pamoja nao, kila mtu kwa chombo chake.

Nikamwuliza habari za mnazi mrefu uliokuwa mbele yetu, ni wa nani. Hakunijibu kwa jina moja. Alisema ulipandwa na mtu fulani, ukauzwa na mwanawe wakati wa njaa, ukanunuliwa na babake yeye. Na siku ya kuuza walikaa mahali fulani, chini ya mwembe ambao sasa haupo, wakanywa tembo la yule yule muuzaji, nao walikuwa kina fulani na fulani, akawataja wote, na katika hao wawili wangali hai. Nikasema, “Na hao wawili wakiondoka, babu?” Akafikiri. “Watoto wao walikuwa wakituletea maji ya kunawa. Walisikia.”

Maneno hayo yalinikumbusha kitabu cha David Parkin, mwanachuoni wa Kiingereza aliyekaa na Wagiriama wa pande hizi katika miaka ya 1960 na mwaka 1972 akachapisha “Palms, Wine, and Witnesses”. Parkin aliona kwamba mauzo ya minazi na mashamba hayakuwa na karatasi za kutegemewa, na kwamba mzozo ulipozuka, hukumu ilisimama juu ya wazee waliokuwapo, ambao walikumbuka kwa kuwa walikunywa pamoja. Aliona pia jambo la ajabu zaidi: vijana waliokuwa wakijikusanyia minazi na kutajirika kwa biashara yake walikuwa wakipandwa na pepo wa Kiislamu, pepo ambao hawataki tembo, na hivyo wakapata udhuru wa kujitenga na mezani kwa wazee na gharama zake, lakini udhuru huo ulikuwa na mwisho, kwani tajiri aliyejitenga alibaki akiwahitaji wazee wale wale wamshuhudie kwamba minazi ni yake. Mali ikawafanya waikimbie mboko, na mali hiyo hiyo ikawarudisha kuwabembeleza wanywaji wake.

Hapo nilielewa ni nini kinacholinganishwa kwa haki kati ya nchi ya zabibu na nchi ya mnazi. Utamu haulinganishwi, kila mtu na ulimi wake. Kinacholinganishwa ni mahali kila nchi ilipoiweka kumbukumbu yake. Nchi ya zabibu iliiweka katika pipa, chupa na hati, vitu vidumuvyo pasipo watu. Nchi ya mnazi, kwa kuwa kinywaji chake hakidumu, iliiweka ndani ya watu wenyewe. Kibuyu hakiwezi kungoja miaka ishirini, lakini aliyekunywa anaweza. Na wala si jambo jipya katika bahari hii: kitabu cha safari cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata miaka 2000 iliyopita, kinaeleza kwamba wafanyabiashara waliokuja pwani ya Azania, yaani pwani yetu hii, walileta divai na ngano, si kwa kuuza bali kwa kuvuta nyoyo za wenyeji. Hata Myunani alijua kwamba kabla ya bei kuna kikao.

Sitaki msomaji adhani kwamba nimerudi nimependezwa hata nikasahau. Sura ya An-Nahl inataja matunda ya mitende na mizabibu, na kileo na riziki njema vipatikanavyo humo, kisha katazo likaja kamili katika sura nyingine. Mimi ni wa katazo hilo, na wenye hikima wasio wa dini yangu nao wameona nyumba zilizovunjika kwa sababu ya mangwe, watoto waliofukuzwa shule kwa karo iliyonywewa, na kijana wa miaka ishirini aketiye katika kikao cha wazee pasipo kuwa na jambo la kushuhudia. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliziondoa sheria za zamani zilizokitenga kinywaji cha kienyeji, na tangu ugatuzi leseni ni kazi ya kaunti, lakini mgema bado huishi kati ya askari na mnunuzi. Nisemacho ni kidogo kuliko sifa: kwamba ndani ya ada hii ilikuwamo mahakama, na mahakama ile yafaa kuokolewa hata na yule asiyegusa mrija.

Maana sisi wa Matuga tumekwisha onja kinachompata mtu wa ushahidi wa kinywa akikutana na mtu wa karatasi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa pwani walete madai yao yaandikwe. Wenye nyaraka na wenye kujua ofisi walikuja, na wengi wa Wamijikenda, ambao hati yao ilikuwa kaburi la babu, mnazi na wazee waliouona ukipandwa, hawakuandikwa. Na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Mjukuu wa aliyeupanda mnazi akaja kuitwa maskwota chini ya mnazi huo huo. Na sasa barabara imefika, viwanja vinapimwa kandokando yake, minazi mikongwe inaangushwa kwa ajili ya mbao, na shina likishakatwa hakuna tena cha kumwonyesha hakimu. Mila zetu za umiliki wa mti zilikuwa na nguvu maadamu mambo matatu yalikuwa hai pamoja: mti, mzee na kikao. Mti unakatwa, mzee anakufa, na kikao tumekiachia wanywaji, sisi wacha Mungu tukaona tumejitakasa, kumbe tumejitoa katika ushahidi.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Kikao hakihitaji kileo. Pale Kaloleni niliketi na dafu langu na hakuna aliyeniambia kwamba sikusikia vizuri. Wadigo tunazo baraza za misikiti, tunazo arusi, matanga na maulidi, tunao vijana waliosoma wenye simu za kurekodia sauti na kupiga picha, na tunao wazee ambao wakiulizwa kwa adabu hutaja minazi ya mtaa mzima shina kwa shina. Tulichokosa ni mtu wa kuandika.

Kwa hiyo nakusihi, msomaji wa Matuga, Tiwi, Golini au Msambweni, usingoje kesi. Mwendee mzee wa nyumba yako wiki hii, mchukulie kahawa na tende, umwombe akutajie kila mnazi wa ukoo: upo wapi, aliupanda nani, ulinunuliwa kwa nani, na mbele ya nani. Yaandike kwa tarehe, yasomwe mbele ya jamaa, watie sahihi au dole gumba, nakala moja ikae kwa imamu na moja kwa chifu. Mashahidi waliobaki ni wachache, nao ni wazee.